Boila Lililoumia: Litafaa Kazi Tena?

Mwezi uliopita wazee watatu wa chama cha maziwa, kutoka skimu moja upande wa Turbo, walifika ofisini petu hapa Eldoret na swali ambalo huenda wewe pia unalo. Walikuwa wamenunua boila kuukuu katika kiwanda cha mbao kilichofungwa, ili wapate maji ya moto na mvuke wa kuoshea mikebe ya maziwa. Wakati wa kulishusha kutoka katika lori liliteleza, likagonga jiwe, likabonyea ubavuni kiasi cha kiganja cha mkono. Tena chini, karibu na mlango wa moto, palikuwa na kutu. Fundi wa kuchomelea aliwaambia kwamba angeweza kutia kiraka kwa nusu siku.

Wao huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii ya ukarani. Mkubwa wao akaniambia, "Mwalimu, tuliliwasha jana, likachemka vizuri. Sasa shida iko wapi?"

Shida ni kwamba kuchemka vizuri jana si ushahidi wa kesho. Chukua boila la mviringo lenye upana wa sentimita 60. Geji ikionyesha kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, mvuke husukuma kila kichwa cha boila hilo kwa uzito wa tani 14 hivi, yaani kama magunia 155 ya mahindi ya kilo 90. Uzito huo wote hushikwa na bamba la chuma lenye unene wa milimita chache tu. Kutu ikila nusu ya unene, chuma kilichobaki hubeba mzigo maradufu, wala hakitakupigia kelele kukuonya. Na bamba likipasuka, maji yaliyokuwa yamezuiwa humo yakiwa moto kupita kiasi hugeuka mvuke mara moja. Lita moja ya maji ikigeuka yote hutoa mvuke wa lita 1,600 hivi. Ndiyo maana boila likipasuka huezua nyumba.

Basi mtu mwenye ujuzi huliamuaje boila lililoumia? Kwanza hutazama ni jeraha la namna gani, maana majeraha hayalingani. Kibonyeo cha kuingia ndani, kilicho laini kama alama ya kidole katika ugali, kilicho mbali na mshono, mara nyingi huweza kuachwa baada ya kupimwa. Lakini kibonyeo chenye mkwaruzo mkali, au kilicho juu ya mshono, ni jambo jingine, kwa sababu hapo ndipo ufa huanzia. Na ufa hauna simile. Kila ukiwasha moto na kuzima, ufa hurefuka kidogo.

Uvimbe wa kutokea nje ndio wa kuogopwa zaidi. Maana yake ni kwamba bamba lilipata moto kupita kiasi hata likalegea, ama kwa sababu maji yalipungua, ama kwa sababu ukoko mweupe, kama ule uonao ndani ya birika, uliganda na kuyazuia maji yasiguse chuma. Mwaka 1865 huko Marekani, boila moja la meli Sultana lilionekana lina uvimbe katika mji wa Vicksburg. Badala ya kubadilisha mabamba kama ilivyopasa, walitia kiraka, nacho kilikuwa chembamba kuliko bamba la asili, kwa kuwa walikuwa na haraka ya kupakia abiria. Siku chache baadaye, tarehe 27 Aprili, maboila ya meli hiyo yalipasuka katika mto Mississippi, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Sababu zaidi ya moja zilitajwa, na kiraka kile ni mojawapo.

Hata hivyo sisemi kwamba kila kilichopata msiba kitupwe. Meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 isitekwe na adui, nao mafundi wao wakazipaka mashine zake grisi nyingi kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta mashine na maboila yake bado yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kwa hiyo jibu hutokana na kupima, wala si na huruma au hofu.

Kupima kwenyewe kuna njia zake. Siku hizi kuna chombo kidogo kinachopeleka sauti isiyosikika na masikio ndani ya bamba, na kwa kuhesabu muda wa sauti hiyo kurudi hujulikana unene wa chuma bila kutoboa. Mkaguzi hupima mahali pengi, hasa chini ambako matope hukaa. Kisha hulinganisha unene uliobaki na ule unaohitajiwa kwa presha ya kazi, tena huuliza kutu imekula kiasi gani kwa mwaka, ili ajue miaka iliyobaki. Baadaye boila hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, na kusukumwa kwa pampu kupita presha ya kazi, mara nyingi hadi mara moja na nusu. Hutumiwa maji kwa sababu hayabanwi. Bamba likishindwa, maji huvuja tu na presha huanguka. Usikubali kamwe fundi apime tangi kwa kulijaza hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa ni kama upinde uliovutwa.

Majibu huweza kuwa matatu, si mawili: lafaa, au lafaa kwa presha ndogo zaidi na likaguliwe tena mapema, au halifai. Wengi hulisahau lile la katikati, na pengine ndilo lingewaokolea fedha.

Mkaguzi huyo asiwe mtu yeyote tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka boila la mvuke lichunguzwe na mtu aliyekubaliwa na Mkurugenzi wa idara hiyo, naye aandike ripoti. Kabla ya kulipa mtu, mwombe akuonyeshe cheti chake.

Mambo haya si ya boila peke yake. Tangi la kompresa ya kujazia magurudumu huoza chini kwa ndani, maana hewa huacha maji humo. Fungua koki ya chini kila jioni uyatoe. Mtungi wa gesi uliopitiwa na moto, hata rangi tu ikiwa imebabuka, urudishwe kwa muuzaji, usijazwe tena.

Wazee wale walimwita mkaguzi. Kile kibonyeo walichokiogopa alikipima, akakiacha. Lakini chini, mahali fundi alipotaka kutia kiraka, bamba la milimita 8 lilikuwa limebaki milimita 3, na pengine 2, tena kwa upana mkubwa. Kiraka kingechomelewa juu ya chuma kisichokuwa na nguvu ya kukishika. Aliandika kwamba boila lisiwashwe mpaka sehemu yote ya chini ibadilishwe na fundi wa maboila, kisha lipimwe upya.

Chama sasa chatafuta bei ya kazi hiyo, na wanachama wengine wamenung'unika kwamba wangenunua jipya tangu mwanzo. Kwa sasa mikebe huoshwa kwa maji yaliyochemshwa katika pipa lililo wazi juu, lisilo na kifuniko. Kuni nyingi huteketea, lakini pipa lililo wazi halina presha.