Milimita moja kwa siku

Mshipa wa fahamu uliokatika mkononi ukaunganishwa hukua upya kwa kasi ya milimita 1 hivi kwa siku. Daktari anaweza kuufuatilia kwa kidole: anagonga polepole ngozi iliyo juu ya njia yake, na pale ncha mpya zilipofikia mgonjwa anasikia kama anachomwa na visindano. Akirudi baada ya mwezi, pahali hapo pamesogea kama sentimita 3 kuelekea vidoleni.

Safari hiyo ina mwisho wa muda. Dereva wa bodaboda aliyechanika mishipa ya bega ana kama sentimita 70 kutoka shingoni hadi kiganjani: siku 700, karibu miaka 2. Lakini msuli usiopata amri hunyauka, na baada ya miezi 12 hadi 18 mara nyingi haupokei tena mshipa hata ukifika. Ndiyo maana kiwiko huweza kukunjika tena huku vidole vikibaki vimelala.

Tupeleke hesabu hiyohiyo kwenye ugwe wa mgongo, ule mkanda wa neva unaoshuka ndani ya pingili. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kidole. Jeraha la sentimita 3, kwa milimita 1 kwa siku, lingevukwa ndani ya mwezi mmoja. Halivukwi mwaka wa kwanza, wala wa ishirini. Umbali, basi, si jibu.

Jaribio linaloeleza hili vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, lilichapishwa mwaka 1981 na Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal. Walichukua kipande cha mshipa wa mguu wa panya, wakakipandikiza kuunganisha shina la ubongo na ugwe. Seli zilizodhaniwa haziwezi kuotesha chochote zilipenyeza nyuzi humo karibu sentimita 3. Nyuzi hizo zilipotokea upande wa pili na kuingia tena kwenye ugwe, zilikwama ndani ya milimita chache. Seli zilezile, ardhi tofauti.

Ardhi ya mguuni na mkononi husafishwa: seli za Schwann, zinazozungushia nyuzi za neva, pamoja na seli za kinga huondoa mabaki ya mshipa uliokufa kwa wiki chache, kisha huelekeza nyuzi mpya. Ndani ya ugwe mabaki ya mielini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi, hukaa miezi, hata miaka, yakiwa na protini kama Nogo, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000, zinazofanya ncha inayokua isinyae. Kando yake astrositi, seli zinazohudumia neva, hujenga kovu lenye sukari nyingi zinazozuia ukuaji. Kovu hilo huzuia pia uvimbe usisambae, kwa hiyo haliwezi kukatwa tu likatupwa. Na seli yenyewe, ikishakomaa, hupunguza nguvu yake ya kukua. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walipoondoa kwa panya jeni ya PTEN, inayozuia ukuaji wa seli, nyuzi za mshipa wa jicho zilianza kukua upya.

Kwa binadamu hakuna tiba iliyothibitishwa kuotesha upya nyuzi za ugwe. Anayeuza sindano za seli shina kwa ahadi ya kutembea anauza kisichothibitishwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe. Marekani, aliyeumia juu shingoni akapooza mikono na miguu hugharimu zaidi ya dola milioni 1 mwaka wa kwanza pekee.

Tuseme dawa imepatikana kesho. Kutoka shingoni hadi sehemu ya ugwe inayoendesha miguu ni sentimita 30 hivi: siku 300. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, yaani mara 12 kwa siku, mara 3,600 kabla uzi wa kwanza haujafika. Kwetu anayegeuza ni mama, mke au dada, bila malipo. Vidonda hivyo na maambukizi ya mkojo bado vinaua watu katika nchi maskini, na kuvizuia hakusubiri ugunduzi wowote: kunataka godoro linalofaa, mipira safi ya mkojo, na mtu wa kumpokea zamu aliyekesha.