KIJIDUDU CHA TUMBO NA UGONJWA WA PUMU

Fuateni kwa kidole katika karatasi zenu, nami nitasoma polepole.

Leo tunazungumza juu ya kijidudu kikaacho tumboni mwa mtu. Jina lake ni Helikobakta pilori. Ni refu, lakini lisomeni kipande kwa kipande. Tumbo lina maji makali yauayo vijidudu vingi. Hiki hupunguza ukali huo, kikajificha ndani ya ute. Mtu hukipata utotoni, akaishi nacho miaka mingi bila kujua.

Zamani madaktari walidhani kuwa vidonda vya tumbo huletwa na wasiwasi na pilipili. Mwaka 1982, katika mji wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walikikuza kijidudu hiki. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa maji yenye vijidudu hivyo, na tumbo likamwuma kweli. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye pumu. Katika pumu njia za hewa kifuani hubana, na mgonjwa hupumua kwa shida. Kwa wengi chanzo ni mzio: mwili hukutana na vumbi tu, au manyoya ya paka, ukapigana nalo kana kwamba ni adui.

Mwaka 2007, huko Marekani, Yu Chen na Martin Blaser walichungua habari za watu wazima zaidi ya 7,000. Waliona kuwa wenye kijidudu, hasa wa aina moja yake, hawakuwa na pumu iliyoanza utotoni kwa wingi kama wenzao. Mwaka 2008 waliona hali kama hiyo kwa watoto wa miaka 3 hadi 13.

Je, kijidudu ndicho kilichowakinga? Ngojeni kwanza. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini jogoo halileti jua. Huenda mtoto asiye na kijidudu analelewa tofauti, anakula tofauti, amepewa dawa nyingi zaidi.

Kwa hiyo wataalamu wa Zurich, Uswisi, walijaribu kwa vipanya. Mwaka 2011 walieleza kuwa vipanya vilivyoambukizwa vikiwa vichanga havikupata pumu ya mzio kwa ukali. Kijidudu, kwa kutaka kisifukuzwe, huufanya mwili uzidishe chembe zinazotuliza askari wake, na kifua nacho hupata nafuu. Vipanya vilivyoambukizwa ukubwani havikukingwa sana. Lakini mtu si kipanya, na uchunguzi mwingine wa watu umeona uhusiano mdogo au haukuuona kabisa.

Pengine wewe una vidonda vya tumbo, nawe wasema, “Basi nisitibiwe, nisije nikapata pumu.” La, usifanye hivyo! Vidonda hivyo huweza kutoka damu hata mtu akafa. Tena mwaka 1994 kijidudu hiki kiliandikwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani miongoni mwa visababishi vya saratani. Ukipewa dawa, zimeze mpaka ziishe. Na mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta, wala asimnyweshe mtoto maji machafu akitafuta kinga. Wataalamu wanatafuta kitu kitokacho kwa kijidudu kiwezacho kutuliza kifua, bila kumwambukiza mtu.

Sasa andikeni katika madaftari yenu: pumu, mzio, ute, chembe, kijidudu.