Mgeni njoo, kisima kipone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni methali ya ukarimu, nasi watu wa pwani tumelelewa nayo. Hata hivyo yafaa tujiulize: mgeni akija, je, mwenyeji hupona kweli? Kwa mtu anayempokea jamaa yake kwa siku mbili, swali hili ni dogo. Kwa yule anayefungua nyumba ya wageni yenye vyumba sita juu ya jabali la matumbawe, hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake halimo katika daftari la mapato. Limo kisimani.

Tuutazame mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Ukivuka mdomo wa Mto Ruvuma kutoka Mtwara, waanza mlolongo wa visiwa vya Quirimbas, unaopita mbele ya Palma na Mocímboa da Praia, ukashuka hadi Ibo na kuelekea Pemba. Wamwani, wenyeji wa mwambao huo, husema lugha iliyo jirani sana na Kiswahili. Mwaka 2002 Serikali ya Msumbiji iliunda Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, inayochukua bara na bahari kwa pamoja, na mwaka 2018 UNESCO ikalitambua eneo hilo kuwa miongoni mwa hifadhi za dunia za binadamu na viumbe hai.

Visiwa vya matumbawe aghalabu havina mito. Mvua hupenya katika jabali na kutulia juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo futi kama 40 chini yake. Hesabu hiyo hufanya kazi kinyume pia: tukiteka kupita kiasi hata maji yakashuka futi 1, chumvi nayo huanza kupanda kutoka chini kwa kiasi kama cha futi 40. Pampu haitambui jambo hilo; yenyewe huvuta tu. Wa kwanza kutambua ni jirani anayeteka kwa ndoo na kamba, pale chai yake ya asubuhi inapobadilika ladha.

Kipimo cha chini kinachotumika duniani katika misaada ya dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Hodhi moja la kuogea, likijazwa lita 150, hutumia fungu la watu 10. Mgeni hakuja kwa nia mbaya, wala hajui kwamba amelala juu ya maji ya watu. Mwenye nyumba ndiye ajuaye, na ndiye mwenye wajibu. Ampe mgeni ndoo ya lita 20 na kata, amweleze sababu kwa adabu, naye aghalabu ataelewa.

Njia ya pili ni kulitumia paa. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la bati la mita 10 kwa mita 10, hutoa karibu lita 1,000. Makuti hupoza nyumba, lakini maji yake hayafai kunywa. Basi vyumba na viezekwe makuti, jiko na ghala viezekwe bati, na mfereji uelekezwe kwenye birika lenye kifuniko.

Sisi tuliopitia mafunzo ya ukadeti tulifundishwa mapema kwamba kabla ya kupiga hema hutafutwa mahali pa kuteka maji na mahali pa kuchimba choo, na kwamba viwili hivyo havikaribiani. Kanuni inayokubalika ni mita 30 baina ya choo na kisima, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Katika matumbawe yenye nyufa, uchafu husafiri upesi, hivyo afadhali umbali uzidi. Choo kikavu cha majivu, kisichohitaji maji, hufaa zaidi kuliko choo cha kuvuta kinachotiririsha uchafu jabalini.

Vilevile tusisahau boriti. Kila korija ya boriti ni miti 20 ya mikoko, na mikoko ndiyo boma linalovunja nguvu ya mawimbi. Mivinje iliyopandwa yaweza kuchukua nafasi yake. Taa za ufukweni nazo zifunikwe au zizimwe usiku, maana makinda ya kasa, wanaozaliwa katika fukwe kama za Vamizi, huifuata nuru wakidhani ni bahari.

Je, haya ni ndoto? La. Katikati ya miaka ya 2000, katika kijiji cha Guludo, wilaya ya Macomia, ndani ya Hifadhi hiyo, Amy na Neal Carter-James kutoka Uingereza walifungua kituo kidogo cha wageni. Vibanda vilijengwa kwa vifaa vya mahali hapo, wanakijiji waliajiriwa, na 5 kwa mia ya mapato ilikwenda katika mfuko ulioitwa Nema, jina ambalo sikio la Mswahili husikia neema ndani yake. Mfuko huo ulisaidia visima, shule na chakula cha watoto shuleni. Hapo mgeni alikuja, na kisima kikapona.

Lakini tarehe 5 Oktoba 2017 machafuko yalizuka Mocímboa da Praia na kuenea, yakaua biashara ya wageni katika sehemu kubwa ya mwambao huo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilibomoa nyumba nyingi za Ibo. Kisha Ibo hiyo hiyo ikawapokea maelfu waliokimbia vijiji vya bara, na Machi 2021 Palma ikashambuliwa.

Wapo watakaosema kwamba, mbele ya maafa kama hayo, kuzungumza habari za vyoo na makuti ni anasa. Sisi twaona kinyume chake. Watu wakiongezeka kisiwani, maji hayaongezeki. Nyumba ya wageni inayojengwa upya pembeni mwa kisima cha waliopoteza kila kitu, ikakigeuza kuwa cha chumvi, hupanda chuki, na amani iliyopatikana kwa taabu haihitaji mbegu hiyo.

Jabali la Ibo ni ndugu wa jabali la Mikindani, Kilwa na Unguja. Basi ndugu yetu anayekusudia kufungua vyumba vitano au sita ufukweni, kabla ya kuchagua rangi ya ukuta, aende kwanza kwa majirani, aulize kisima kipo wapi, aonje maji yake, na aikumbuke ladha hiyo. Miaka 10 baadaye arudi aonje tena. Ikiwa ladha ni ile ile, mwenyeji amepona.