Umeme wa Pikipiki Ukatikao na Kurudi

Watu wengi husema kwamba pikipiki iwakayo leo na kukataa kesho ina mapepo. Sivyo. Umeme ukikatika, pana mahali ulipokatikia. Na ukirudi, mahali hapo pamegusana tena. Kazi ya fundi ni kupaona mahali hapo kabla ya kununua kitu cho chote kipya.

Jambo hili si dogo kwetu. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, pikipiki ndiyo ichukuayo ndizi, kahawa, wanafunzi na wagonjwa katika njia ambazo basi halipiti. Mtu apandaye kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu usiku, taa yake ikizimika ghafula, aweza kutoka njiani na kuumia. Tena madereva wengi huendesha pikipiki za watu wengine, nao hupaswa kumpelekea mwenye mali hesabu kila jioni. Pikipiki ikilala, hesabu hailali.

Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimeta 2,000 kwa mwaka. Maji na tope huingia katika viungo vya waya, shaba hugeuka kijani na chuma hushika kutu. Kisha mashimo ya barabara hutikisa bolti mpaka zikalegea. Kiungo cha namna hii hakikati umeme kabisa. Huuzuia kidogo, na kizuizi chenyewe hubadilika kila pikipiki inaporuka.

Hapa somo la fizikia latusaidia. Mjerumani Georg Ohm alieleza mwaka 1827 kwamba volti zipoteazo katika kizuizi ni sawa na ampea mara omu. Tuseme kiungo kibovu kina omu 0.1. Taa itumiayo ampea 3 itapoteza volti 0.3 tu, nayo itawaka vizuri. Lakini stata ikivuta ampea 50, zitapotea volti 5, na katika 12 zitabaki 7. Stata haitazunguka. Ndiyo sababu dereva husema, "Betri ni nzima, maana honi yalia," na huku pikipiki haiwaki. Honi haitoshi kuwa shahidi.

Basi, yafaa kufuata utaratibu huu.

Kwanza, muulize dereva: huzima wakati gani? Baada ya mvua? Akikata kona? Injini ikipata moto? Jibu lake ni nusu ya kazi. Ikizima injini ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, huenda koili imechoka. Ikizima usukani ukigeuzwa, yatazame mafungu ya waya shingoni mwa pikipiki, kwani waya huweza kukatika ndani na ganda lake likabaki zima.

Pili, tazama kama vyote huzima pamoja au kimoja tu. Vikizima vyote, kasoro imo katika njia ya wote: betri, fyuzi kubwa, swichi ya ufunguo, au waya wa ethi uendao kwenye chuma cha pikipiki. Kikizima kimoja, ifuate njia yake peke yake.

Tatu, pima betri. Ikiwa imejaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikinguruma kwa kasi ya kadiri, iwe kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haichajiwi, na hata ukinunua mpya itakufa vile vile.

Nne, pima wakati ugonjwa upo. Weka ncha moja ya mita katika kichwa cha hasi cha betri, na ya pili katika chuma cha injini, kisha mwenzio abonyeze stata. Mita ikipita nusu volti, njia ya ethi ni mbovu. Ikiwa ugonjwa umejificha, uamshe: tikisa waya mmoja mmoja, geuza usukani, nyunyiza maji kidogo mahali pamoja baada ya pengine.

Tano, badili kitu kimoja tu kwa mara moja, ukijaribu kila mara. Ukibadili vitatu pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Mjomba wangu, dereva huko Muleba, alinunuliwa betri mpya kwa shauri la fundi mmoja, kisha swichi mpya ya ufunguo, na pikipiki ikaendelea kuzima. Fundi wa pili aliuliza maswali, akapima, akaikuta bolti ya ethi chini ya kiti imeshika kutu. Dawa ilikuwa kipande cha msasa, spana na grisi kidogo.

Jihadharini pia. Unapofungua betri, anza na hasi. Unapofunga, malizia na hasi. Usilete moto karibu nayo, maana hutoa hewa iwakayo. Wala fyuzi ikiungua usiweke kipande cha waya badala yake, kwani hapo waya zote zaweza kuungua.

Wahenga walisema kamba hukatika pabovu. Ndugu madereva, nanyi wazazi wenye pikipiki, mtakieni fundi akuonyesheni hapo pabovu kabla hamjafungua mkoba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne