Mwezi Ukiwa Mpevu, Mitumbwi Hulala

Paukwa! Pakawa! Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo simo kwenye habari za sungura na fisi. Hii ni hadithi ya kweli. Nawapeleka Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji, magharibi, ni Kongo, na watu wa Kilwa na Pweto huko wanasema Kiswahili kama sisi. Wa Nchelenge wanasema zaidi Kibemba. Ziwa lao ni moja.

Humo ziwani mna samaki mdogo aitwaye chisense. Ni dagaa wao, hazidi kidole chako cha mwisho. Huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri, nao chisense wanaufuata mwanga kwa maelfu mpaka wanaingia wavuni. Asubuhi wanaanikwa mchangani au juu ya nyasi, na akina mama wanawageuza kwa mikono. Jua likiwaka kutwa wanakauka vizuri. Mvua ikinyesha wanaoza, na hakuna wa kumlalamikia.

Sasa, mwezi ukiwa mpevu mambo hugeuka. Mwanga umeenea ziwa zima, taa ya mvuvi haimvuti samaki yeyote. Basi mitumbwi hubaki nchi kavu. Mtazame mvuvi siku hizo: ameketi kivulini, wavu umemlalia mapajani, anaupitisha kwenye vidole tundu baada ya tundu. Akifika palipochanika, anasimama, anashona, anakaza fundo, anaendelea. Mwenzake kaenda kuwaona wakwe. Mwingine amelala tu, na usingizi ule ni halali yake.

Nyuma ya nyumba nako kuna muhogo mchungu, chakula kikuu cha Luapula, mkoa wa Nchelenge. Una sumu ndani yake. Lazima uulowanishe majini siku tatu, nne au zaidi, mpaka ulainike na sumu itoke; kisha uanike, utwange, upate unga wa nshima, yaani ugali wao. Huwezi kuuhimiza. Anayefupisha siku hizo anahatarisha watoto wake, kwa hiyo mama wa Nchelenge anauacha muhogo majini, anafanya mengine au anaketi na jirani yake kuzungumza.

Nawaeleza haya kwa sababu mnakulia katika dunia inayomsifu mtu asiyetulia. Shule, halafu masomo ya ziada, halafu simu, na hata likizo inapangiwa ratiba. Mtoto akikaa barazani kutazama mvua anaulizwa, "Huna kazi?" Mimi siafiki kabisa. Napenda mjue kwamba kuna watu wanaofanya kazi ngumu kweli, kazi ya usiku kucha, na bado wanajua kuiweka chini.

Na ziwa lenyewe linahitaji mapumziko hivyo hivyo. Sikilizeni habari za mpumbu.

Mpumbu alikuwa samaki mkubwa, mnono, mwenye mayai yaliyopendwa sana. Mvua zilipoanza, makundi yake yalitoka ziwani na kupanda Mto Luapula kwenda kutaga. Watu wa mto walimngoja msimu ule. Kisha migodi ya shaba ya Katanga, huko Kongo, ikahitaji chakula cha wafanyakazi wake. Katika miaka ya 1930 na 1940 wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, walikuwa na kituo Kasenga, upande wa Kongo, wakanunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Nyavu zikaongezeka, nazo zikatandazwa njiani mwa mpumbu aliyejaa mayai. Fikirini: kila jike aliyenaswa aliondoka na watoto wake wote ambao hawajazaliwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walikuwa wamepungua vibaya.

Mtaniuliza, walirudi? Kwa wingi ule, hapana.

Ndiyo maana leo, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru likiwemo, ili samaki wazaane. Sitawaficha: miezi hiyo ni migumu. Nyumba isiyo na shamba la muhogo huona njaa, na wapo wanaovua kwa siri. Siwezi kumlaumu kwa ukali baba ambaye watoto wake wanalia. Lakini wenye muhogo ardhini, ambao unaweza kusubiri shambani hata mwaka na zaidi, wanaipita miezi ile bila kugusa maji. Shamba dogo la namna hiyo ndilo linalompa mtu uwezo wa kupumzika, na mimi naliona ni utajiri.

Nyumbani kwetu pia jambo hili limefika. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15. Kama unakaa Kigoma, au hata Mwanza, subiri mwezi uwe mpevu, nenda mwaloni asubuhi, umwamkie mzee anayeshona wavu. Mwambie shikamoo, kisha muulize jana usiku alikuwa wapi. Usiwe na haraka ya kuondoka, kwa maana siku hiyo ana nafasi ya kukujibu.