Msitu Nao Wataka Daftari

Hapa Thika na kule Ruiru mbao hazikosi kazi. Seremala apiga randa, mjenzi ataka maboriti, na jikoni kuni na makaa bado vinatusaidia. Je, tutajuaje kama miti hii itatutosha sisi na wajukuu wetu? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu nao ni mali, na yale yanayoandikwa katika daftari lake huitwa viashirio. Tangu mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992, nchi nyingi zimeviunda. Hebu tuvitazame vinne.

Kwanza ni ukataji ukilinganishwa na ukuaji. Tuseme mtu ana hekta 30 za misaipresi, na mti wa mbao unahitaji miaka 30 kukomaa. Akikata hekta 1 kila mwaka na kupanda tena papo hapo, hataishiwa kamwe. Akiwa na pupa akate hekta 3, baada ya miaka 10 atabaki na miti michanga tu. Atangoja miaka 20 mingine!

Pili ni miche iliyopona, si iliyopandwa. Siku ya kupanda miti watu hupiga picha, halafu basi, kila mtu kwao. Ikipandwa miche 1,000 na kiangazi kikaua 800, andika 200.

Tatu ni maji. Mito ya Chania na Thika huanzia katika misitu ya Nyandarua. Mto ukijaa tope kila mvua inyeshapo, huenda huko juu udongo umeachwa uchi.

Nne ni watu. Mwaka wa 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma. Msitu ulipumzika, lakini mbao zilipanda bei na wenye viwanda vya kupasua mbao wakalia. Rais alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Hifadhi inayomnyima fundi ugali haidumu, na ukataji usiobakisha mti utamnyima vilevile.

Hata hivyo, tujihadhari na hesabu yenyewe. Katiba ya 2010 yataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Ripoti ya kitaifa ya 2021 ilipata asilimia 12.13 kwa miti yote, pamoja na ile ya mashambani. Misitu peke yake ilikuwa asilimia 8.83. Mwenye kutaka kujisifu atataja ya kwanza, mwenye kulalamika ya pili. Kwa hivyo ukiambiwa misitu imeongezeka, uliza: ni nini kilichopimwa?

Wanachama wenzangu, na sisi tuanze na miti ya shule yetu. Tuihesabu kila muhula, tuandike iliyopona na iliyokatwa. Shoka halina macho, daftari linayo.