"Daktari" Asiye wa Kwetu

Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo ulioitwa "Daktari". Jina ni la Kiswahili, na mahali pakadaiwa kuwa Afrika Mashariki. Lakini sehemu kubwa ilipigwa picha California, katika shamba la wanyama. Daktari mwenyewe ni Mzungu, tena wa wanyama. Vipenzi vya watazamaji walikuwa Clarence, simba mwenye makengeza, na sokwe Judy. Hatukatai, Mike, msaidizi Mwafrika, alipewa heshima yake. Naye aliigizwa na Mmarekani, Hari Rhodes. Mtoto wa Pemba akiutazama huo peke yake, bara lake atalidhani mbuga tupu, lisilo na bandari, skuli wala mahakama. Tunawaomba wakubwa wanaotununulia michezo ya televisheni waitazame kwanza wao, pamoja na watoto wao.